Kasha la Gia Linapopasuka

 

Leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Tunazungumza juu ya chuma. Najua wengine watasema, "Mimi sina trekta, habari hii ni ya matajiri." Ngoja kwanza. Ukimlipa mwenye trekta akulimie ekari mbili, au kama ni mwanachama wa kikundi chenye pawatila kule Mbarali, basi trekta hilo likilala, shamba lako limelala nalo. Huku kwetu nyanda za juu mvua huanza mwezi wa kumi na moja, na anayepanda mahindi mwezi wa kwanza anajua atakachovuna. Kwa hiyo kaa, sikiliza.

Matrekta si mageni kwetu. Kule Ismani yalikuwa yakilima mahindi tangu miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 zilikuja Valmet zilizounganishwa Kibaha katika kiwanda cha TRAMA. Tangu mwaka 2009, wakati wa mpango wa Kilimo Kwanza, pawatila zimetapakaa katika mashamba ya mpunga ya Usangu. Mengi ya matrekta yanayolima vijijini leo yana umri mkubwa kuliko dereva wake. Trekta zee halina ubaya, mradi linatunzwa. Lakini kuna ugonjwa mmoja unaoyapata matrekta haya, nao watu huutibu vibaya kuliko yote: kasha la gia kupasuka.

Kasha la gia ni lile sanduku zito la chuma, lililo chini ya miguu ya dereva, ambamo gia huzungukia ndani ya oili. Wengine huliita gia boksi. Sasa, yafaa tuelewe tofauti moja kati ya lori na trekta. Lori lina chasi, yaani zile mbao mbili ndefu za chuma zinazobeba kila kitu. Kasha la gia la lori likipata ufa, lori bado limeshikwa na chasi. Trekta kama Massey Ferguson 135, au 165, au 240, halina chasi. Limeungwa kipande kwa kipande. Ekseli ya mbele imeshikwa na injini, injini imefungwa kwa bolti kwenye kasha la gia, na kasha la gia limefungwa kwenye kasha la nyuma lenye difu na haidroliki. Basi kasha la gia ndilo uti wa mgongo wa trekta. Uzito wa injini, mvuto wa jembe na msukumo wa tela, vyote hupita hapo. Ndiyo maana ufa wa mahali pengine unaweza kungoja, bali ufa wa hapo ukikosea kuutibu trekta litagawanyika vipande viwili mteremkoni, na dereva akiwa amekaa katikati.

Utajuaje kwamba kuna ufa? Mara nyingi dalili ya kwanza ni oili. Umebadilisha gasiketi, umebadilisha sili, lakini bado chini ya trekta kuna doa kila asubuhi. Au bolti zinazounganisha injini na kasha la gia zinalegea kila wiki, ukizikaza zinalegea tena. Au gia inaruka yenyewe unapovuta. Au oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maana yake maji yameingia. Dalili hizi zaweza kutokana na mambo mengine vilevile, kwa hiyo usikimbilie kununua kasha. Pima kwanza.

Kipimo ninachokipenda hakihitaji mashine yoyote. Osha sehemu unayoishuku kwa dizeli na brashi ya waya mpaka chuma kionekane, halafu ikaushe vizuri. Ipake mafuta ya taa, ngoja kama dakika 20, kisha ipanguse kwa kitambaa kikavu mpaka mkono ukipita usiloane. Sasa saga chaki ya shule, uipake ule unga juu yake. Kama kuna ufa, mafuta ya taa yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Hata ufa mwembamba kama unywele utauona. Weka alama kwa tindo pale mstari unapoanzia na pale unapoishia, maana ncha hizo mbili utazihitaji baadaye.

Ukishauona, swali siyo "fundi gani ana mashine ya kuchomea?" Swali ni "ufa uko wapi?"

Kama uko kwenye mfuniko, au kwenye ubavu mwembamba ambao kazi yake ni kuzuia oili isimwagike tu, huo unatengenezeka. Hata gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili, yaweza kukuvusha msimu ikiwa umesafisha vizuri. Kama uko kwenye masikio ya bolti, yaani pale kasha linapokutana na injini au na kasha la nyuma, hapo pana mzigo mzito. Fundi hodari wa kuchomea chuma cha kusubu anaweza kupatengeneza, lakini lazima uso wa kasha usawazishwe tena kwa mashine ili ukae bapa, na mimi binafsi nikimwona mtu ana uwezo wa kupata kasha jingine namshauri abadilishe. Kama ufa umepita kwenye nyumba ya beringi, lile tundu la duara ambamo beringi hukaa, basi badilisha, usibishane. Ukichoma pale, chuma kitajikunja kidogo sana, pengine unene wa unywele tu, lakini shafti mbili zilizokuwa zimelala sambamba hazitakuwa sambamba tena. Gia zitaanza kulana. Baada ya miezi michache utanunua kasha, gia na beringi, vyote pamoja.

Sasa nieleze habari ya kuchomea, kwa sababu hapa ndipo fedha za wakulima zinapopotea.

Kasha hili si chuma cha kawaida kama nondo au bomba. Ni chuma cha kusubu, yaani kiliyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, kama vile chungu cha sufuria zito. Ndani yake mna kaboni nyingi, kiasi cha sehemu tatu katika mia, wakati chuma cha nondo hakifikii hata nusu ya sehemu moja. Kaboni hiyo ndiyo inayokifanya kivumilie mtetemo na kubanwa, lakini hukifanya kiwe kama chungu cha udongo: hakipindi, kinavunjika. Ukikichoma kwa vijiti vya kawaida vya kuchomea geti, kile kidonda kinanyonya kaboni na kuwa kigumu kama kioo. Kikipoa kinajikaza, nacho chuma cha pembeni hakiwezi kunyumbuka, basi utasikia "tik!" na ufa mpya unatokea kandokando ya ule wa kwanza. Fundi wa barabarani atakwambia chuma chako ni kibaya. Chuma si kibaya. Kijiti ndicho si chake.

Niliwahi kuitwa na kikundi kimoja cha wakulima, kijiji sitakitaja, trekta lao limechomewa mara mbili katika msimu mmoja. Mara ya tatu sikio la chini lilikatika kabisa wakiwa wanashusha tela la mahindi. Bahati nzuri dereva alikuwa anakwenda taratibu na hapakuwa na mtu juu ya tela. Tulipopiga hesabu pale chini ya mti, zile mara mbili za kuchomea, oili iliyomwagika na siku walizopoteza mwezi wa kumi na mbili zilikuwa zimekwisha kuzidi bei ya kasha zima lililotumika. Mzee mmoja alinyamaza kwa muda, halafu akasema, "Tumenunua kasha, ila hatukuletewa."

Kijiti kinachofaa ni cha nikeli. Vipo vya nikeli tupu na vipo vya nikeli iliyochanganywa na chuma. Vya pili ndivyo vyenye nguvu zaidi kwa kipande kinene. Ni ghali, na fundi atataka kukuuzia hadithi kwamba ana vingine vinavyofanana. Mwombe akuonyeshe pakiti. Na kama fundi anafuata utaratibu huu, mwamini. Anatoboa tundu dogo, la milimita 3 hadi 5, mbele kidogo ya kila ncha ya ufa, ili ufa usiendelee kutembea. Anauchimba ufa kwa mashine ya kusagia uwe kama mfereji wa herufi V. Anapasha moto taratibu ili oili iliyolowea ndani ya chuma itoke, anafuta, anarudia. Kisha anachoma kipande kifupi, sentimeta 2 au 3 tu, na papo hapo anakigongagonga kwa nyundo ndogo kingali cha moto. Anasimama. Anangoja mpaka aweze kuweka mkono. Halafu anachoma kipande kingine mbali na kile cha kwanza, si kwa kufuatanisha. Kazi ya namna hii huchukua siku nzima. Ukimwona anapiga mstari mmoja mrefu kwa dakika tano huku akiimba, mzuie.

Njia nyingine ni ya moto. Kasha linavuliwa kila kitu, beringi, sili, shafti, vyote nje, linapashwa joto lote kwa pamoja na taratibu mpaka liwe jekundu la kufifia, linachomwa, kisha linafukiwa ndani ya majivu makavu au chokaa lipoe lenyewe usiku kucha na hata zaidi. Njia hii ni nzuri kwa fundi mwenye tanuri. Kwa ubavu mwembamba, kuunga kwa shaba ya njano na gesi kunatosha, maana joto lake ni dogo zaidi. Kwa njia yoyote ile, maji yasikaribie chuma kingali moto. Na kama kuchomea kunafanyika juu ya trekta lenyewe, fungua nyaya za betri na za jenereta, na ondoa tangi la mafuta mbali.

Neno kwa wenye pawatila na magari madogo. Makasha mengine si ya chuma, ni ya aluminiamu. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu (siyo hii unayonisikilizia), igusishe. Ikinata ni chuma. Isiponata ni aluminiamu, nayo haichomwi kwa nikeli wala kwa mashine ya mageti. Inahitaji mashine ya gesi ya agoni na fundi aliyejifunza. Karakana za namna hiyo utazitafuta mjini. Mahali pa kuanzia kuuliza ni ofisi za SIDO, zilizoko Mbeya na Iringa, au vyuo vya VETA.

Haya, tuseme mmeamua kubadilisha. Kasha jipya la trekta zee ni shida kulipata, hasa la aina ambayo haiundwi tena, kama zile Valmet. La Massey Ferguson ni rahisi zaidi, kwa sababu aina zake zimeendelea kuundwa Pakistani na India. Wengi hununua lililotumika, kutoka Gerezani na Kariakoo Dar es Salaam, au kutoka kwenye trekta lililokufa hukuhuku. Usiende na jina la trekta peke yake. Kuna 240 mbili zinazofanana kwa rangi lakini ndani hazifanani: moja ina klachi moja, nyingine klachi mbili. Andika namba iliyosubiwa kwenye ubavu wa kasha lako, ipige picha kwa simu, na pima umbali wa matundu ya bolti. Ukifika dukani, osha lile kasha la kuuziwa na ulifanyie kipimo cha chaki mbele ya mwenye duka. Kama anakukataza, umekwisha pata jibu. Tazama nyumba za beringi: zikiwa na mikwaruzo ya kuzunguka, beringi ilikuwa inacheza humo, na kasha hilo limekwisha. Mtake risiti yenye maandishi kwamba lisipoingia utalirudisha.

Kazi ya kugawanya trekta vipande viwili nataka niizungumzie polepole, kwa maana inaua. Kwanza, ekseli ya mbele ya trekta inacheza, inapanda na kushuka upande huu na ule. Ukitenganisha injini na kasha la gia bila kuizuia, injini itapinduka ubavu. Kwa hiyo gongomea kabari za mbao ngumu kati ya ekseli na injini, pande zote mbili, kabla hujalegeza hata bolti moja. Pili, kila kipande kiwe na nguzo yake ya magogo mapana, juu ya sakafu ngumu. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Tofali za kuchoma zinapasuka. Mnyororo uliofungwa kwenye tawi la mwembe usiuamini hata kidogo. Magurudumu ya nyuma yazuiwe mbele na nyuma, na watoto wawe mbali. Oili ikingwe kwenye pipa, isimwagwe mferejini, maana mfereji huo unakwenda kwenye mpunga wa jirani.

Wakati wa kurudisha, kuna kosa moja ambalo ndilo lililopasua makasha mengi kuliko mawe ya shambani. Vipande viwili vinasogezwa, vinakaribiana, inabaki nafasi ya kidole kimoja, na haviingii. Mafundi wamechoka, jua linazama. Mmoja anasema, "Kaza bolti, zitavuta." Hapana. Vipande hivi vinapaswa kukutana kwa kusukumwa na mikono. Kama havikutani, basi meno ya shafti hayajaingia kwenye klachi, au sahani ya klachi haikukaa katikati. Ukivuta kwa bolti, sikio la kasha litakatika, pengine si leo, ila ufa umekwisha kuanza. Rudisha nyuma, zungusha injini kidogo kwa mkono, jaribu tena. Vikikutana, hakikisha zile pini za kuelekeza zimeingia, kisha kaza bolti kwa kukingamanisha, moja juu moja chini, kidogo kidogo, kwa mizunguko mitatu. Tumia spana ya kupimia nguvu kama ipo. Zile shimu nyembamba zilizotoka kwenye beringi zirudi kila moja mahali pake, zisitupwe kwa kudhani ni takataka.

Kisha jaza oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta, maana katika matrekta mengi oili hiyohiyo ndiyo inayoendesha haidroliki. Laza trekta usiku kucha juu ya karatasi la boksi. Asubuhi tazama kama lina doa. Liwashe, lipitishe katika kila gia bila mzigo, sikiliza, gusa nyumba za beringi kwa mkono kama zinachemka. Siku ya kwanza lilime ardhi nyepesi. Baada ya saa 10 za kazi kaza tena bolti zote.

Na kwa nini kasha lilipasuka? Hilo mliulize kabla ya kufunga jipya, la sivyo nalo litafuata. Ismani na Pawaga sababu ni visiki na mawe, jembe linakwama na dereva anaachia klachi kwa ghafla. Usangu sababu ni tope: trekta limezama, dereva anatia gia ya mbele, ya nyuma, ya mbele, ya nyuma. Chimbeni, wekeni mbao, kazi ya nusu saa tu. Ukilivuta trekta lililokwama, au ukivuta kitu kwa trekta, mnyororo ufungwe chini kwenye hichi, kamwe usifungwe juu pale penye mkono wa tatu wa haidroliki. Huko juu trekta huinua pua na linaweza kumwangukia dereva. Kwenye miteremko ya Rungwe na Kilolo, dereva anayeweka gia huru ili kuokoa mafuta, halafu anailazimisha gia kuingia tela linapomsukuma, anapasua kwa mkono wake mwenyewe. Na bolti ya kutolea oili, ile ya chini, imepasua makasha mengi kwa kukazwa kwa bomba refu. Kaza kwa spana yake tu.

Kazi hii ifanyeni mwezi wa saba au wa nane, baada ya kuvuna, wakati mafundi hawana foleni na fedha za mahindi bado zipo. Vikundi vyenye trekta la pamoja viwe na daftari moja: saa za kazi, siku ya kubadilisha oili, siku ya kukaza bolti, na kiasi kidogo kinachotengwa kwa kila ekari inayolimwa. Dereva awe anasaini. Wengi wanaona haya kumdai dereva saini, lakini huyo ndiye anayeuona ufa wa kwanza, tena asubuhi, kabla ya mtu mwingine yeyote, pale anapoinama kutazama kama kuna oili chini.